Ukuta Usiopigwa Lipu

Kila mgeni anayefika maktabani kwetu huuliza swali lile lile: mbona hamjapiga lipu? Anaona bati zuri, milango iliyopakwa rangi, madirisha yenye wavu wa kuzuia wadudu wa ziwani, halafu anaona kuta za matofali ya kuchoma zilizoachwa wazi ndani na nje, zina michoro kila mahali kama ngozi iliyochanjwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu kwamba saruji haikutosha. Si kweli. Saruji ilitosha, na iliyobaki tulijengea choo. Kuta hazikupigwa lipu kwa sababu yuko mtu mmoja niliyetaka azione kila anapoingia, na mimi ndiye mwenye funguo.

Mji wetu ni mdogo: barabara moja inayotoka njia panda ya Usagara kuelekea kivukoni, nyingine ya vumbi inayoshuka ziwani, na soko mahali zinapokutana. Nilikuwa karani wa kupima pamba katika chama cha ushirika. Elimu yangu ni darasa la saba. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwanza katika vitabu vya kampeni ya kisomo cha watu wazima vilivyokuwa vimerundikwa chumba cha nyuma cha ghala, baadaye katika chochote chenye herufi. Kwenye karatasi za wilaya chumba kile kiliitwa maktaba, lakini hakikuwa na mtu. Pamba ikiisha, karani hana kazi mpaka msimu mwingine, kwa hiyo nikaomba ufunguo.

Nilianza na panya. Aliyenitangulia alikuwa akigundisha vitabu vilivyopasuka kwa uji wa muhogo, na panya walikuwa wamekula migongo ya vitabu kama mkate. Nikachemsha majani ya mwarobaini, nikakorogea unga wa muhogo kwenye maji yake, gundi ikawa chungu, panya wakahama. Kisha nikapanga. Mpangilio wa maktaba kubwa sikuujua, na nilipoujua baadaye niliona haufai kwa watu wangu. Mkulima haombi kitabu cha kilimo. Anaomba kile cha mdudu wa pamba. Mama haombi kitabu cha afya ya jamii. Anaomba kile cha mtoto anayeharisha. Nikapanga rafu kwa maswali yao, na juu ya kila rafu nikachora kitu kimoja: tunda la pamba, mtoto, ng'ombe, samaki, na mizani ya mahakama. Rafu ya mahakama ndiyo iliyochakaa upesi kuliko zote. Gazeti lilitufikia kutoka Mwanza likiwa limeshazeeka. Nililitundika kwenye fimbo, ikawa marufuku kulikunja, maana gazeti lililokunjwa huishia mfukoni, na lililo mfukoni huishia kufungia karanga.

Hivyo ndivyo maktaba ilivyokuwa wakati ruksa ya biashara huria ilipoingia. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na malori yao, ushirika ukanyamaza, na kila jengo lenye paa likaanza kutafutiwa mwenyewe. Sangara walikuwa wakitoka ziwani kwenda viwandani Mwanza, malori ya barafu yakaanza kulala mjini kwetu, na watu waliokuwa na akili ya biashara waliona kwamba dereva naye anahitaji kitanda, na si lazima alale peke yake.

Mtendaji wa kata wakati huo alikuwa ameletwa kutoka mkoa mwingine. Silisemi hilo kwa kumtukana. Msomaji atalihitaji mbele. Alikuwa mtu wa suruali zilizonyooshwa, mwepesi wa kucheka, na tangu siku ya kwanza aliniita Profesa mbele za watu. Asubuhi moja alikuja ghalani na mnunuzi wa pamba, mtu mnene aliyekuwa akijipangusa jasho kwa leso, wakasimama katikati ya chumba changu bila kuvua kofia.

"Profesa," Mtendaji akasema, "chumba hiki kimepata mwenyewe."

"Kina wasomaji," nikamjibu.

"Wasomaji!" Akamgeukia mgeni wake. "Huyu bwana ana darasa la saba, anatunza vitabu vya watu wa darasa la nne. Kipofu anamwazima kipofu mwenzake miwani."

Mnunuzi alicheka. Wazee waliokuwa wakisoma gazeti walicheka, kwa kuwa Mtendaji ni Mtendaji. Nami nilicheka, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Kicheko kile changu ndicho nilichomdai baadaye kuliko kitu kingine chochote alichotuchukulia.

"Basi jengeni yenu," alisema akitoka. "Msimu ukifunguliwa, hapa panaingia pamba. Nani kawazuia? Siku hizi ruksa kwa wote."

Alisema kwa dhihaka. Mimi nililichukua neno lake kama lilivyo. Shule ya msingi ilitupa kipande cha ardhi kando ya soko, na mkutano wa mji ukakubali kwamba kila kaya ifyatue matofali yake. Tulikuwa na muda mpaka msimu ufunguliwe. Tungechelewa, vitabu vingekuwa barabarani. Hilo kila mtu alilielewa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu mambo yote yanakaa juu yake. Matofali ya kaya nyingi huchomwa katika tanuri moja. Ili isije ikasemwa kwamba fulani hakutoa, kila mmoja hutia alama kwenye matofali yake siku anapoyasimamisha ubavu yakauke, yakiwa bado laini. Wenye mifugo hutia chapa ile ile wanayotia ng'ombe wao. Asiye na ng'ombe hutafuta chake. Mshona viatu alikandamiza kisigino. Mama anayeuza chai aligandamiza mdomo wa kikombe, ikawa duara kamili. Wavuvi walikandamiza kipande cha wavu. Mimi nilitumia ufunguo wa maktaba.

Jirani yangu katika ufyatuaji alikuwa mama mmoja wa Kihaya, muuguzi mstaafu, Mlutheri, mrefu, mwenye sauti ya kuita wagonjwa kutoka mwisho wa korido. Alitia alama ya jani la mgomba kwa ukucha wake, tofali baada ya tofali. Upande wake wa pili alikuwepo mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wengi na chapa ya mistari miwili iliyokatizwa na mmoja. Hakujua kusoma hata jina lake, na alikuwa msomaji wangu wa kudumu: alikuja kila gazeti lilipofika, akakaa, akasomewa, akabisha.

"Mama," mzee alimwambia siku ya kwanza, "tofali si ndizi. Huwezi kulifunika majani likaiva."

"Na wewe baba usikae unalichunga," mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Tofali halitembei."

Watu walicheka, na mzee akacheka kuliko wote, kwa sababu Mhaya ukimchokoza lazima ulipwe papo hapo.

Tanuri letu lilichomwa vizuri. Lilipokuwa linapoa nilikwenda Mwanza, nikazunguka ofisi za Nyamagana, katikati ya jiji, nikiomba bati, nikapata ahadi nzuri kutoka kwa watu wa kanisa moja. Niliporudi nilishuka kwenye gari moja kwa moja mpaka kwenye tanuri. Palikuwa na majivu na vipande vilivyovunjika. Watu wa jirani walisema lori lilikuja na karatasi yenye mhuri wa kata, na vijana wakapakia.

Nilimkuta Mtendaji ofisini kwake.

"Matofali yamekwenda kujenga zahanati," alisema. "Au wewe unaona gazeti ni muhimu kuliko sindano?"

"Zahanati ipi, Mheshimiwa?"

"Itajengwa."

"Wapi?"

"Profesa, wewe ni polisi au ni mtunza vitabu?" Akatabasamu. "Samahani. Hata vitabu vyenyewe sasa unavitunza wapi?"

Msimu ulifunguliwa kabla hatujaweza kufyatua mengine, kwa kuwa mvua zilianza na udongo haukauki. Mnunuzi aliingia ghalani. Vibarua wake walitoa vitabu vyangu wakivibeba kwa mikono miwili kama kuni, wakavitia katika magunia ya pamba na kuyasimamisha nje kwenye manyunyu. Niliyasomba kwa mkokoteni hadi nyumbani kwangu. Rafu zenye michoro zilikaa ghalani. Nilisikia kwamba ile ya mahakama iliwekewa chupa za soda. Usiku ule mke wangu aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia nimekula. Nilikuwa nimekaa kati ya magunia nikiwaza jinsi mtu anavyoweza kuumizwa bila kuguswa, na niliwaza kwa utaratibu, kama mtu anayepanga rafu.

Polisi hapakuwa na maana, kwa sababu karatasi ilikuwa na mhuri. Wilayani nilikwenda, nikaambiwa zahanati ni jambo jema. Nikangoja.

Aliyeyaona matofali si mimi. Ni mzee wa ng'ombe. Kwenye barabara ya kivukoni, nje kidogo ya mji, kulikuwa kumejengwa gesti mpya, vyumba vilivyopangwa kwa mstari nyuma ya uzio mrefu, geti la chuma katikati. Iliandikishwa kwa jina la mke wa Mtendaji, ila mwenye kutoa amri pale alijulikana na kila mtu. Mzee alikuwa akipeleka ndama mnadani. Akafika kwenye uzio, akasimama, akauangalia, halafu akageuza ndama wake na kuja nyumbani kwangu.

"Karani," aliniita, kwa maana jina hilo halikuniacha, "njoo uone. Ng'ombe wangu wamelala kwa mtu."

Tulimpitia yule mama muuguzi njiani. Tukasimama mbele ya ule uzio. Mistari miwili iliyokatizwa na mmoja. Jani la mgomba. Kisigino cha kiatu. Duara la kikombe. Wavu. Ufunguo. Mji wetu wote ulikuwa umepangwa pale, umetazama barabara.

"Mama," mzee akasema, "uliniambia tofali halitembei."

Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya jani lake.

Mtu wa kwetu akiiba matofali hupiga lipu siku ile ile. Lakini Mtendaji, kama nilivyosema, alikuja kutoka mbali, na kwao huenda wanachoma kwa njia nyingine. Baadaye fundi mwashi aliyejenga uzio ule alinisimulia mambo yalivyokuwa. Fundi, ambaye ni mtu wa Misungwi na aliijua desturi vizuri, alimuuliza Mtendaji kama ayafiche yale maandishi kwa ndani. Mtendaji akasema, "Maandishi gani? Hayo ni mapambo. Yageuze uso nje, gesti ipendeze." Fundi akafanya alivyoagizwa. Aliniambia kwamba alipokuwa akigeuza uso nje tofali baada ya tofali alikuwa akiomba Mungu ampe uhai aone mwisho wake.

Habari ilienea mjini kabla ya jua kuzama. Vijana wakaja kwangu na sururu. Niliwakatalia. Kubomoa kungemaliza jambo kwa saa moja, kisha tungeshtakiwa na yeye angehurumiwa. Mimi sikutaka ahurumiwe. Nilitaka akae na kitu kile kila siku, na kila siku kimpunguzie kidogo.

Asubuhi iliyofuata nilipakia magunia yangu kwenye mkokoteni, nikasukuma mpaka kwenye uzio wa gesti, nikatandika turubai kwenye ukingo wa barabara, nje kabisa ya geti, nikapanga vitabu. Ukingo wa barabara si mali ya mtu. Kwenye nguzo ya umeme nilifunga ubao niliouandika kwa mkono: Maktaba ipo hapa. Kila msomaji akae kwenye tofali lake.

Watu wakaja. Kanisa lilituazima mabenchi, lakini wengi walipenda kukaa chini, mgongo ukiegemea alama ya kwao. Mama wa chai alileta birika. Mshona viatu alileta kazi yake, akawa anasomewa huku anashona. Mzee wa ng'ombe alikaa akiutazama uzio badala ya gazeti, na mtu akimuuliza alisema, "Ninyi someni vitabu. Mimi nasoma ukuta."

Sasa fikiria biashara ya gesti. Mteja wake hapendi taa wala maswali. Anataka geti lifunguke na kufungwa. Kwenye geti lile, kuanzia kunapokucha mpaka giza linapotuzuia kusoma, palikuwa na majirani, wazee wa kanisa, walimu, akina mama wenye watoto, wote wameinua macho kutoka kwenye kurasa. Na kwenye benchi la karibu kabisa na geti nilimkalisha mama muuguzi. Hakuna aliyemwagiza la kusema.

"Karibu, mwanangu!" aliita siku ya kwanza, kwa sauti ile ya korido, mfanyabiashara mmoja wa samaki alipokuwa akishuka kwenye pikapu. "Umechoka na safari?"

"Shikamoo, mama," yule bwana akasema, kwa sababu angefanyaje.

"Marahaba. Na huyu ndiye mkwe wetu? Mbona yuko nyuma yako? Njoo mama, nisalimie, mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Binti alijifunika kanga. Bwana alikumbuka kwamba amesahau kitu Mwanza. Pikapu iligeuka na kuondoka, na mama akarudi kwenye kitabu chake, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

Ilikuwa hivyo kila siku. Walioingia kwa kujikaza waliulizwa habari za watoto wao kwa majina. Madereva wa malori ya barafu walianza kulala kwenye malori. Wawili watatu kati yao walianza kuazima vitabu, na mmoja aliyekuwa akienda Mwanza na kurudi akawa ananiletea gazeti la siku hiyo hiyo, jambo ambalo ghalani halikuwahi kutokea. Nasema haya kwa sababu ni kweli, ingawa sikuyapanga: ukingo wa barabara ulinifundisha mengi kuliko ghala. Ghalani akina mama hawakuingia, kwa kuwa wanaume walikaa mlangoni. Pale kwenye uzio hapakuwa na mlango, wakaja na vikapu vyao kutoka sokoni, wakasoma wamesimama. Niligundua kwamba wanapenda muda wa mchana baada ya kupika, na kwamba watoto husoma zaidi wakiwa wawili wawili kwenye kitabu kimoja. Yote hayo niliyaweka kichwani kwa ajili ya jengo. Sikuwa na shaka tena kwamba jengo litakuwepo.

Mtendaji alijaribu alivyoweza. Aliweka redio kubwa getini. Watu wakasogeza benchi, wakasoma kwa sauti. Kisha alimleta askari, kijana mgeni mwenye sare iliyombana.

"Afande, hawa watu waondoke," alisema.

"Kosa lao nini, Mheshimiwa?"

"Huoni? Wamekaa!"

"Wamekaa wanafanya nini?"

Mama muuguzi alimwonyesha askari jalada la kitabu chake, polepole, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Wanasoma," Mtendaji akasema.

Askari aliwaangalia wote kuanzia huku mpaka kule. "Mheshimiwa," akasema, "hilo nitaliandikaje?"

Nilikuwa nimekaa kwenye tofali langu. Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kucheka mara moja mbele yake, na nilikuwa nimejifunza. Nilimtazama tu mpaka akaangalia chini, kisha nikageuza ukurasa. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka nikitaka kulala vizuri.

Mwishowe alikuja nyumbani kwangu, jua la mchana, bila kofia. Mke wangu alimpa kigoda na kikombe cha maji.

"Karani," alisema. Kwa mara ya kwanza hakuniita Profesa. "Tuelewane kama watu wazima. Leta vijana usiku, mchukue hayo matofali. Mimi nitasema wezi."

"Hapana."

"Unataka nini basi?"

"Utayatoa wewe," nilimwambia. "Mchana. Siku ya mnada, mji ukiwa umejaa. Utamwita kila mwenye alama yake, umkabidhi mkononi."

"Wewe una roho mbaya."

"Ninayo," nilisema. "Kunywa maji."

Hakuyanywa. Aliondoka, akaona atanishinda kwa kungoja. Lakini gesti isiyo na wageni hula mwenye nayo, na wilayani nako maneno yalianza kufika, kwa sababu madereva husafiri. Kabla mvua nyingine hazijaanza alinitumia ujumbe kupitia kwa mchungaji kwamba amekubali.

Ubahili wake ulitusaidia. Uzio ulikuwa umejengwa kwa udongo na kuzibwa kwa saruji kidogo usoni tu, kwa hiyo matofali yalitoka mazima. Fundi yule yule wa Misungwi ndiye aliyekuwa akiyalegeza, na alikuja amevaa shati la Jumapili. Mtendaji alisimama kando yake. Mwanzoni alijaribu kuyaweka chini. Watu wakasimama na kungoja, mikono imenyooshwa, mpaka akaelewa. Alama hakuzijua, kwa hiyo kila tofali lilimlazimu aulize.

"Hili la nani?"

"La kwangu," mama wa chai akasema. "Pole na kazi, baba."

"Hili?"

"Lete," mzee wa ng'ombe akasema. Alilipokea, akalipangusa vumbi, akalitazama kama anayekagua sikio la mnyama. "Limekonda," akasema. "Hukulilisha."

Mnada mzima ulivunjika kwa kicheko. Mtendaji alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na suruali yake haikuwa na mstari tena. Nilikuwa wa mwisho. Aliponikabidhi tofali lenye ufunguo alinong'ona, "Umeridhika?" Nilimjibu kwa sauti ya kawaida, ili waliokuwa karibu wasikie, kwamba bado.

Tulijenga. Mlango niliuelekeza sokoni, kwa ajili ya akina mama. Madirisha nikayashusha mpaka kimo cha mtoto. Rafu mpya zikachorwa. Ukuta ulikuwa wa tofali mbili kwa unene, alama za safu ya nje zikitazama nje na za safu ya ndani zikitazama ndani, bila lipu.

Mtendaji alistaafu akabaki hapa hapa. Alikuwa ameshajenga, na kwao nadhani hapakumngoja mtu. Gesti iliuzwa, ikawa ghala la kuhifadhia barafu. Mtu aliyezoea ofisi hawezi kukaa nyumbani, kwa hiyo akaanza kuja maktabani kusoma gazeti. Maktaba ni ya umma. Siwezi kumzuia mtu, wala sikutaka. Nilimpa kiti. Ni kiti kizuri chenye mto, chini ya dirisha, kinachotazama ukuta wa mashariki ambako alama zimesongamana zaidi. Viti vingine alipofika daima vilikuwa na watu, au vilikuwa na vitabu ninavyovitengeneza. Alisoma, akainua macho, akaushusha uso kwenye gazeti. Miaka imekwenda hivyo. Watu waliniambia, Karani, inatosha sasa, mzee amekwisha. Mama muuguzi, ambaye ni mtu wa sala, aliniambia yeye alishasamehe siku ile ya mnada, mbele ya watu wote. Nilimwambia namheshimu kwa hilo. Mimi sijasamehe. Kumbukumbu ya vitabu vyangu kwenye manyunyu haijakauka.

Kisha tukaamua kuongeza chumba cha watoto. Mkutano ukaitishwa, kila kaya ikaambiwa ifyatue. Na siku tulipokuwa tunapanga matofali ya kuchomwa, alikuja yeye, amevua viatu, akisukuma toroli polepole kwa sababu ya mgongo wake. Ndani yake mlikuwa na matofali mabichi aliyofyatua mwenyewe, mengine yamepinda. Juu ya kila moja alikuwa amechora nyota ndogo kwa ncha ya kijiti.

"Nimejifunza desturi yenu," alisema. Aliniangalia kwa macho ambayo sikuyajua. "Karani, yapokee. Nataka na mimi nionekane humo."

Watu walikuwa wanasikiliza. Niliyapokea. Nilimsaidia kuyashusha, nikamwambia asante, naye akatikisa mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Fundi wa Misungwi, ambaye sasa ana mvi, ndiye aliyejenga chumba kile. Alipofika kwenye matofali ya nyota aliniita.

"Haya niyageuze uso nje kama mengine?"

Nilifikiri kidogo, kwa sababu sipendi kufanya jambo bila kulifikiri.

"Geuza ndani," nilimwambia. "Katikati ya ukuta, kati ya safu mbili. Mengine yote nje."

Alinitazama, akachota udongo, akaendelea na kazi.

Siku ya kufungua chumba watoto waliingia wakikimbia, wakawa wanatafuta alama za kwao kwa vidole na kupiga kelele walipoziona. Mtendaji alikuja amevaa suti. Alianzia kwenye pembe ya mlango, akatembea taratibu akifuata ukuta, macho yakiwa karibu na matofali, akamaliza upande wa ndani, akatoka, akazunguka nje, akarudi. Nilikuwa mezani kwangu nikigonga mihuri kwenye vitabu vipya.

"Karani," alisema, "sioni yangu."

"Yamo," nilimwambia. "Tofali lako halikupotea hata moja."

"Yako wapi?"

"Humo ukutani. Tafuta vizuri."

Alisimama kidogo, kisha akarudi kwenye pembe ya mlango, akaweka kidole chake kwenye tofali la kwanza, akaanza upya.